Mwanaume, VVU na homa ya ini C: karatasi ya maabara inasema nini hasa

Karatasi ilikuwa imekunjwa mara nne na kukaa mfukoni mpaka mikunjo ikaanza kuchanika. Mwenye karatasi, ndugu yangu mmoja, aliikunjua taratibu juu ya goti, kwenye benchi la muuza kahawa karibu na mwalo wa Kibirizi, Kigoma, akainyoosha kwa kiganja. Ilikuwa na mistari mitatu ya maana. VVU: anafahamika, yuko kwenye dawa. Homa ya ini B: hasi. Homa ya ini C: chanya. Alikuwa anaandaliwa upasuaji wa ngiri, wakampima damu kama kawaida, na dirishani akaambiwa ana homa ya ini, arudi kwenye kliniki yake. Hakuambiwa kingine.

"Kaka, mimi dawa nameza mwaka wa tisa huu, sijaruka hata siku moja," akasema kwa sauti ya chini, maana mwaloni kuna masikio mengi. "Vipimo vinasema virusi vimefubaa, havionekani. Sasa hiki kimepitia wapi? Na mama watoto je, nimeshamwambukiza?"

Nilimjibu nilivyoweza, lakini kahawa iliisha kabla ya maelezo. Jambo lenyewe lina nyuzi nyingi zilizosokotana, na ukivuta uzi mmoja kwa pupa unakaza fundo. Ndiyo maana naliandika hapa kwa kirefu, kwa ajili yake na kwa wanaume wengine wanaoishi na VVU ambao siku moja watakutana na neno hilo "chanya" bila mtu wa kuwaeleza.

Tuanze na jina, kwa sababu hapo ndipo wengi tunapopotea. Huku kwetu mtu akiwa na macho ya njano, mmoja atasema ana homa ya manjano, mwingine atasema ini limeoza, wa tatu atasema katupiwa kitu. Homa ya manjano ni ugonjwa mwingine kabisa: huletwa na mbu, na ina chanjo yake, ile wanayodaiwa wasafiri mipakani. Homa ya ini maana yake ni ini kuvimba na kuumia, na vinavyoliumiza ni vingi. Pombe inaliumiza. Dawa zikizidi zinaliumiza. Kuna virusi vilivyopewa herufi A, B, C, D na E. Na sisi wa kando ya Ziwa Tanganyika tuna kichocho cha tumbo, ambacho mayai yake hunasa kwenye ini na kuacha makovu mpaka tumbo linajaa maji. Wagonjwa watatu waliolala wodi moja, wote matumbo yamefura, wanaweza kuwa na magonjwa matatu yasiyojuana. Ukiambiwa una homa ya ini, swali la kwanza ni moja tu: ipi?

A na E hupita kwenye maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi, na mara nyingi huisha zenyewe. B hupita kwa damu, kwa ngono na kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa kuzaliwa. Hiyo ina chanjo, na Tanzania imekuwa ikiwapa watoto tangu 2002, ikiwa ndani ya sindano ileile ya kliniki inayokinga dondakoo, kifaduro na pepopunda. Mtu mzima aliyezaliwa kabla ya hapo kwa kawaida hakuipata utotoni. D haiwezi kuishi peke yake, hupanda mgongoni mwa B. C ndiyo yenye tabia za kipekee: haina chanjo mpaka leo, huingia kwa damu, hukaa kimya miaka mingi, lakini inatibika ikaisha kabisa.

Kirusi cha C hakikujulikana mpaka 1989. Kabla ya hapo madaktari waliona watu wakiugua ini baada ya kuongezewa damu, wakapima A, hakuna, wakapima B, hakuna, basi wakauita ugonjwa huo "si A wala B". Harvey Alter, Michael Houghton na Charles Rice walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2020 kwa kazi ya kukifichua kirusi hicho. Ugunduzi ule ndio uliowezesha damu ya kuongezea wagonjwa kupimwa C, na hapa nchini damu ya kuchangia hupimwa VVU, homa ya ini B, homa ya ini C na kaswende.

Kama unataka kuelewa kwamba C ni ugonjwa wa damu, tazama Misri. Kuanzia miaka ya 1950 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, serikali ya huko ilipambana na kichocho, hichihichi chetu, kwa kuwadunga wanavijiji sindano za dawa, dozi nyingi kwa kila mtu. Mabomba yalikuwa ya kioo, yakitumika kwa mtu huyu kisha yule, na uchemshaji haukutosha. Nia ilikuwa njema. Matokeo yake Misri ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi duniani kwa homa ya ini C. Leo kichocho hutibiwa kwa vidonge vya prazikwanteli, ambavyo watoto wa shule za Kigoma wanavijua kwa ukubwa wake na uchungu wake, wala hakuna sindano. Na Misri yenyewe imegeuza mambo: ilipima mamilioni ya watu kuanzia 2018, ikawatibu, na mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani likatambua kwamba nchi hiyo imefika mbali katika safari ya kuitokomeza. Nalisema hili kwa sababu nimewasikia watu wakiitaja C kama ugonjwa wa wahuni. Wakulima wa Misri waliupata wakiwa wamepanga foleni ya matibabu.

Sasa tuje kwa mama watoto. Jibu lina nafuu. Kwa mume na mke wanaoishi pamoja, C hupita kwa nadra sana. Watafiti wa Marekani walitoa mwaka 2013 matokeo ya wenzi 500, kila jozi mmoja ana C ya kudumu na mwenzake hana uhusiano na mtu mwingine. Makadirio yao ya juu kabisa yalikuwa maambukizi 0.07 kwa kila wenzi 100 kwa mwaka, yaani chini ya jozi moja kati ya 1,000. Kitanda kimoja, miaka kwa miaka, na kirusi hakikuvuka ila kwa nadra.

Lakini jihadhari na faraja hiyo, kwa kuwa wenzi wale hawakuwa na VVU. Kama mke naye anaishi na VVU, au kuna vidonda vya magonjwa ya zinaa, au ngono inafanyika wakati wa hedhi, au mnachangia wembe, hesabu inabadilika. Kwa hiyo apimwe. Apimwe kwa utulivu, bila kuitwa mshitakiwa, na bila mume kukimbilia kulala kwenye mkeka.

Hapo ndipo penye fundo lenyewe. Kwa miaka mingi vitabu vya udaktari vilisema C haiambukizwi kwa ngono, au huambukizwa kwa nadra isiyohesabika. Kisha kuanzia mwaka 2000 hivi, kliniki za VVU za London, Amsterdam, Paris na miji ya Ujerumani zikaanza kuona kitu kisichoelezeka. Wanaume waliokuwa wakipimwa mara kwa mara, ambao jana walikuwa hasi, leo wakawa chanya kwa C. Wengi hawakuwahi kujidunga. Hawakuwa wameongezewa damu. Baadaye New York na Australia zikaona vilevile. Walichofanana ni kwamba waliishi na VVU na walifanya ngono na wanaume wenzao. Watafiti walipolinganisha vinasaba vya virusi vyao, waliona virusi vya nchi tofauti vikifanana kama ndugu wa tumbo moja, dalili kwamba vilikuwa vikisafiri ndani ya mtandao mmoja wa watu.

Je, kirusi kilikuwa kimebadilika, kutoka cha damu kikawa cha ngono? Hapana. Kilichobadilika ni uelewa wetu wa mahali damu inapokutana na damu. Ukuta wa ndani wa uke umepangwa kwa tabaka nyingi za chembehai, kama mkeka uliokunjwa mara kadhaa. Ukuta wa ndani wa njia ya haja kubwa una tabaka moja tu, na chini yake kuna mishipa midogo ya damu iliyojaa. Unachubuka kirahisi, na mchubuko wenyewe unaweza usiume wala usitoe damu ya kuonekana kwa macho. Tone dogo kuliko ncha ya sindano linatosha.

Halafu kuna majimaji ya mwili yenyewe. Uchunguzi uliofanywa New York kwa wanaume wenye VVU na C ulikuta kirusi cha C kwenye shahawa za takriban theluthi moja yao. Mwingine ukakikuta kwenye ute wa njia ya haja kubwa kwa karibu nusu ya waliopimwa. Maana yake hatari si ya anayeingiliwa peke yake, wala haihitaji damu inayoonekana. Chombo kinachotoka kwa huyu na kuingia kwa yule bila kuoshwa, glavu ileile, kopo moja la mafuta ya kulainisha ambalo kila mkono unachovya humo: vyote hivi vimehusishwa na maambukizi. Ongeza kaswende au ugonjwa mwingine wa zinaa wenye kidonda, mlango unakuwa wazi zaidi. Ongeza methamfetamini na dawa nyingine za kulevya zinazomfanya mtu akeshe saa nyingi bila kusikia maumivu, wakati mwingine wakidungana kwa bomba moja au kuvuta puani kwa mrija mmoja, utaona kwa nini moto uliwaka mahali pale na si kwingine.

Nalitaja hili kwa maneno ya wazi kwa sababu kulizungukazunguka ndiko kunakoua. Na mwili haujui nani ni nani. Ukuta ule wa tabaka moja ni uleule kwa mwanamke, na wapo wanawake, wakiwemo wake wa ndoa, wanaofanya ngono ya njia hiyo na hawajawahi kuulizwa na mhudumu yeyote.

Kwa nini VVU vinachangia? Kwanza, VVU hushambulia mapema askari wa kinga waliojaa kwenye kuta za utumbo, na hata mtu akimeza dawa vizuri, ulinzi wa hapo haurudi wote ulivyokuwa. Pili, mwenye VVU akipata C huelekea kuwa na virusi vingi zaidi vya C kwenye damu, kwa hiyo humwambukiza mwingine kirahisi. Sababu ya tatu haimo mwilini, imo katika maisha. Wanaume wengi wa miji ile walichagua wenzi wenye VVU kama wao, wakaona kondomu haina kazi tena, kwa kuwa VVU wanavyo wote wawili. Kondomu ilipoondoka, C ikapita. Na tusidhani ni wenye VVU peke yao: Amsterdam, mwaka 2015, wanaume wasio na VVU walipoandikishwa kupewa dawa kinga ya VVU, karibu 5 kati ya kila 100 walikutwa wameguswa na C. Kirusi hufuata mtandao wa watu, hakiulizi kadi ya kliniki.

Turudi kwa swali la kwanza la ndugu yetu: dawa za kufubaza mbona hazikumkinga? Kidonge kinachotumiwa na wengi nchini sasa kina tenofovia, lamivudini na dolutegravia. Kila dawa humo imetengenezwa kufunga kifaa ambacho VVU hukitumia kujizalisha. Kirusi cha C hakina vifaa hivyo. Ni kama kubadilisha kitasa cha mlango wa mbele wakati mwizi hupita dirishani. Kwa homa ya ini B mambo ni mengine: tenofovia na lamivudini zinaipiga B pia, na ndiyo maana mwenye VVU na B akiacha dawa ghafla ini linaweza kulipuka vibaya. Kwa C hazifanyi kitu. Aliyefubaza VVU hawezi kumwambukiza mwenzi wake VVU kwa ngono, hilo limethibitika na ni jambo la kushukuru. Lakini kufubaa huko hakuhamii kwenye C.

Tofauti ya virusi hivi viwili inaeleza pia jambo zuri kuliko yote katika makala haya. VVU vikiingia kwenye chembehai vinaenda mpaka kwenye kiini na kujichomeka ndani ya vinasaba vyako, kama mpangaji aliyeandika jina lake kwenye hati ya nyumba. Dawa zinamnyamazisha lakini hati inabaki. C haifiki huko. Inaishia sebuleni, inajizalisha humo. Ukiizuia kujizalisha kwa wiki kadhaa, iliyopo inakufa na haibaki mbegu. Ndiyo sababu VVU vinahitaji dawa za maisha, na C ina mwisho.

Kabla ya dawa, lazima tuisome ile karatasi sawasawa. Kile kipimo cha haraka cha tone la damu hakitafuti kirusi. Kinatafuta kingamwili, yaani silaha ambazo mwili ulizitengeneza ulipokutana na kirusi. Kingamwili ni kama kovu: linasema uliwahi kujikata, halisemi kama bado unavuja damu. Takriban watu 30 kati ya 100 wanaoambukizwa C huifukuza wenyewe ndani ya miezi sita, bila dawa yoyote, ingawa kwa wanaoishi na VVU idadi hiyo ni ndogo zaidi. Kovu linabaki. Kwa hiyo "chanya" ya ndugu yetu yaweza kuwa na maana mbili: anacho kirusi leo, au alikuwa nacho kikaondoka. Karatasi ile haiwezi kumwambia ni ipi. Kumwambia mtu "una homa ya ini C" kwa kipimo hicho peke yake ni kumhukumu kabla kesi haijasikilizwa.

Kinachotoa jibu ni kipimo cha pili, cha kutafuta kirusi chenyewe kwenye damu. Mashine ya GeneXpert, ambayo watu wa huku wanaijua kwa kupima makohozi ya kifua kikuu, ina kichupa chake maalumu cha kupimia C. Kwa hiyo ukiambiwa chanya, neno la kuomba ni hili: naomba kipimo cha kirusi chenyewe, siyo cha kingamwili.

Upande wa pili wa sarafu nao uko. "Hasi" nayo hudanganya. Kingamwili huchukua miezi miwili au mitatu kuonekana baada ya maambukizi, na kwa mtu ambaye CD4 zake, yaani askari wake wa kinga, ziko chini sana zinaweza kuchelewa zaidi au zisionekane kabisa. Kirusi chenyewe huonekana kwenye damu ndani ya wiki moja au mbili. Daktari akiona vimeng'enya vya ini, vinavyoonyesha kwenye damu kwamba ini linaumia, vimepanda kwa mtu anayeishi na VVU, na kipimo cha haraka kimesema hasi, asifunge faili.

Dalili ukizisubiri utasubiri sana. Watu wapatao 80 kati ya 100 hawahisi chochote mwanzoni. Wachache huchoka, hukosa hamu ya kula, mkojo huwa kama chai ya rangi, macho hubadilika. Kisha kimya. Katika kimya hicho, kati ya watu 100 wanaobaki na C, 15 hadi 30 ini lao litajaa makovu na kusinyaa ndani ya miaka 20, na wengine kati yao watapata saratani ya ini. VVU huharakisha safari hiyo, hasa visipofubazwa. Pombe nayo. Najua gongo na mbege si maneno ya kuandikwa hivihivi mbele ya watu wa mwaloni waliokesha ziwani kwenye baridi, lakini mwenye C akipunguza pombe anajinunulia miaka.

Tiba sasa. Zamani ilikuwa sindano za interferoni, mwaka mzima kwa baadhi ya wagonjwa, homa, sonona, nywele kunyonyoka, na nusu yao hawakupona. Desemba 2013 Marekani iliidhinisha sofosbuvia, na dunia ya C ikabadilika. Leo mchanganyiko unaotumika sana katika nchi kama zetu ni sofosbuvia na daklatasvia, vidonge vya kumeza mara moja kwa siku, wiki 12. Zaidi ya watu 95 kati ya 100 hupona, na wenye VVU hupona kwa kiwango hichohicho. Wiki 12 baada ya kumaliza unapimwa kirusi tena. Kisipoonekana, umepona. Siyo umefubaza, umepona.

Bei ilipoanza ilikuwa ya kutisha: dola 84,000 kwa dozi kamili ya sofosbuvia, dola 1,000 kidonge kimoja. Viwanda vilipoanza kutengeneza dawa hizo kwa leseni na ushindani, India na kwingineko, bei ikaporomoka, na mwaka 2023 ilitangazwa bei ya takriban dola 60 kwa dozi ya wiki 12 kwa nchi za kipato cha chini na cha kati zinazonunua kwa utaratibu huo. Ukiona mtu anakuuzia chupa ya mizizi kwa laki mbili "inaosha ini", kumbuka hesabu hiyo.

Dawa hizi hazipendi kila jirani. Rifampisini, ile ya kifua kikuu inayogeuza mkojo kuwa mwekundu, huzivunja nguvu, kwa hiyo anayetibiwa kifua kikuu kwa kawaida humaliza kwanza. Kwa aliye kwenye efavirenzi, dozi ya daklatasvia huongezwa. Kwa aliye kwenye atazanavia iliyosindikizwa na ritonavia, hupunguzwa. Dolutegravia haina shida nazo. Na kabla ya kuanza lazima upimwe B, kwa sababu C ikiondoka, B iliyokuwa imelala inaweza kuamka na kuliumiza ini. Ndugu yetu B yake ni hasi, kwa hiyo hatari hiyo kwake ni ndogo. Linalomhusu zaidi ni kwamba anaweza kuchanjwa B sasa hivi, na achanjwe.

Kupona hakukupi kinga. Huko Ulaya, kwa wanaume wenye VVU wanaofanya ngono na wanaume waliokwisha kupona C, wapatao 7 kati ya 100 waliambukizwa tena kila mwaka. Kwa sababu kovu la kingamwili halifutiki, mtu huyo kipimo cha haraka kitamwonyesha chanya maisha yake yote. Yeye apimwe kirusi tu. Lakini takwimu hizo zisikukatishe tamaa. Uholanzi ilipoanza kuwapa dawa mpya wote wenye C mwaka 2015 bila kusubiri ini liharibike, maambukizi mapya kwa wanaume wanaoishi na VVU yalishuka kwa nusu hivi kati ya 2014 na 2016. Kumtibu mmoja ni kumkinga yule ambaye angefuata.

Kujikinga kunafuata mantiki ya damu. Kondomu. Kilainishi cha maji, kwa sababu mafuta ya mgando na mafuta ya nazi hulegeza mpira wa kondomu ukapasuka, na ukavu nao huchubua. Kila mtu na kopo lake, glavu yake, kifaa chake. Bomba la sindano halichangiwi, wala mrija wa puani. Wembe na mswaki ni vya mtu mmoja. Kinyozi abadilishe wembe mbele ya macho yako. Kwenye maabara kirusi hiki kimeonekana kikibaki hai juu ya sehemu kavu kwa wiki kadhaa, kwa hiyo kuupangusa wembe kwa kitambaa si kuusafisha. Sahani, kikombe, kukumbatiana, kunyonyesha, mbu: hapana, C haipiti huko.

Kinachobaki ni kigumu kuliko sayansi yote. Ili mhudumu ajue wa kumpima C, inabidi aulize, na ili aulize, anayeulizwa awe na usalama wa kujibu. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaifanya ngono ya njia ya haja kubwa kuwa kosa lenye kifungo kisichopungua miaka 30. Mwaka 2016 serikali ilizuia vilainishi vilivyokuwa vikigawiwa na miradi ya afya. Nani atasema ukweli wake dirishani, foleni ikiwa nyuma yake na jirani wa Mwanga au Ujiji yuko watu watatu nyuma? Atasema "sijui", na faili litaandikwa "sijui".

Lakini kuna mlango ambao haukulazimishi kujieleza. Kuishi na VVU peke yake ni sababu tosha ya kupimwa C. Shirika la Afya Duniani linapendekeza hivyo. Huhitaji kusema umelala na nani. Unasema, "Niko kliniki ya VVU, naomba nipimwe homa ya ini B na C." Imetosha. Nanyi wahudumu, mnaweza kuuliza bila kunusa maisha ya mtu: "Umewahi kuongezewa damu, kuchanjwa chale, kujidunga, kufanya ngono ya njia ya haja kubwa?" Swali moja, kwa sauti moja, kwa wote, mwanaume na mwanamke, mzee na kijana, jicho likiwa kwenye fomu. Swali likiwa la wote, halimchomi mtu yeyote. Konga, yaani vikundi vya wanaoishi na VVU, nazo zinaweza kulifanya jambo la kawaida kama zilivyofanya kwa kupima wingi wa virusi. Miaka michache iliyopita hata hilo lilikuwa neno geni, leo bibi wa Ujiji anakutajia namba yake.

Mimi sikumuuliza ndugu yangu alivyoipata. Sindano za utotoni, chale, mapenzi, safari za Dar: jibu lolote lisingebadilisha hata kidonge kimoja cha tiba yake, na njia za kumkinga mwenzake ni zilezile. Nilimwomba kalamu muuza kahawa, nikaandika nyuma ya karatasi yake mistari mitatu: kipimo cha kirusi chenyewe, mke apimwe, chanjo ya B.

Akaisoma mara mbili, midomo ikitembea. Kisha akauliza, "Na hichi cha kwanza kikisema hakuna?"

"Basi ulishapona zamani, na hukuwahi kujua."

Akanyamaza kidogo akitazama ziwani. Injini ya boti ya kaskazini ilikuwa imeshawashwa na vijana wanapakia magunia. Akaikunja karatasi, safari hii mara moja tu, akaiweka kwenye mfuko wa shati badala ya suruali isije ikalowa, akaingia majini kuelekea boti huku ameushika mfuko kwa mkono.